Maegesho Barabarani Kindu: Mwongozo kwa Madereva na Waendesha Taksi-Moto

Barabara ni mali ya umma, na anayeegesha chombo juu yake huazima nafasi ya wengine kwa muda. Katika mji wa Kindu, ambako pikipiki, malori, baiskeli za mizigo na watembea kwa miguu hugawana njia moja, chombo kilichoachwa pasipofaa humsukuma mama mwenye mzigo kichwani hadi katikati ya barabara. Mara nyingi kosa hilo hutendwa bila kujua. Alama ni chache, na kanuni zimeandikwa kwa Kifaransa cha kisheria ambacho madereva wengi hawajawahi kusomewa. Hata hivyo, kukosekana kwa alama hakuifuti kanuni.

Msingi wa kanuni hizo ni Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inayotawala usafiri wa barabarani nchini kote. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo pia imejiunga na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani. Chini ya sheria hiyo huja arete, yaani amri za kiutawala, za viongozi wa mahali. Arete yaweza kutenga kituo cha taksi-moto au kufunga njia kando ya soko, lakini haiwezi kuruhusu kilichokatazwa na sheria. Kwa hiyo dereva makini hufuatilia matangazo ya ofisi ya meya na ya komini anamofanyia kazi, iwe Kasuku, Mikelenge au Alunguli.

Jambo lisilofahamika sana ni tofauti kati ya kusimama na kuegesha. Kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna, chombo kimesimama tu iwapo kimetulia kwa muda unaohitajika kupandisha au kushusha watu, au kupakia na kupakua mizigo. Kikipita muda huo, kimeegeshwa. Mwendesha taksi-moto anayengoja abiria mbele ya lango la hospitali ameegesha, hata kama bado amekalia pikipiki na injini inanguruma. Kwa sababu hiyo, hoja ya kwamba “sijashuka” haina uzito wowote.

Mkataba huohuo unakataza kusimama au kuegesha katika vivuko vya watembea kwa miguu, kwenye makutano ya reli na barabara, na juu ya reli au karibu nayo kiasi cha kuzuia treni. Katazo hili lina uzito wa pekee Kindu, mji ambao njia ya reli ya SNCC, shirika la reli la taifa, kutoka kusini huishia. Treni haipiti kila siku, na ndiyo sababu wengine huigeuza reli kuwa uwanja wa kupakulia mizigo. Kanuni haitegemei ratiba: reli huhesabiwa kuwa inatumika wakati wote. Ni marufuku pia kusimama penye kona au mlima unaozuia kuona mbele. Kuegesha kumekatazwa karibu na njia panda, mbele ya mlango wa kuingizia magari, mahali panapoficha alama ya barabarani, na mahali panapokizuia chombo kingine kutoka.

Panaporuhusiwa, chombo huwekwa ukingoni kabisa, upande wa kulia wa mwelekeo wa safari. Dereva huzima injini, hufunga breki ya mkono na huondoka na ufunguo. Lori likiharibika njiani, onyo huwekwa mbali vya kutosha ili anayekuja aweze kupunguza mwendo. Matawi ya miti yaliyozoeleka kutumiwa kama onyo hayaonekani usiku, kwa hiyo pembetatu yenye kuakisi mwanga ni ya lazima katika kazi hii. Mawe yaliyozuia magurudumu huondolewa kabla ya safari kuendelea, kwani mengi huachwa barabarani na kuwaangusha wenye pikipiki.

Kwenye kivuko cha mto Lualaba, ambako magari ya kwenda Kalima huvuka hadi Alunguli, nidhamu ya kazi inadai foleni ya mstari mmoja, na upande mmoja uachwe wazi kwa gari la wagonjwa na kwa wanaotoka kwenye mtumbwi au feri. Anayeipita foleni kwa kutegemea cheo au ukubwa wa lori huwanyang'anya wenzake haki yao.

Wajibu huu unaambatana na haki. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 17, inakataza mtu kushtakiwa au kukamatwa nje ya sheria na taratibu zake. Orodha ya kodi na ushuru wa mikoa na miji imewekwa na amri-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Kwa hiyo anayedaiwa ushuru wa maegesho au faini ana haki ya kuuliza kwa heshima msingi wa dai hilo, na kupewa stakabadhi yenye kutaja sababu na kiasi. Malipo ya mkononi yasiyo na karatasi hayafuti kosa. Huyaendeleza makosa yote mawili, la dereva na la ofisa.

Vyama vya madereva navyo vina kazi ya kufanya. Ibara ya 142 ya Katiba inaitaka Serikali kusambaza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60. Arete za mji zinastahili kufuata mwenendo huohuo. Ibara ya 27 inampa raia, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka, nayo mamlaka hulijibu ndani ya miezi mitatu. Ombi la alama penye makutano ya reli, au la kituo rasmi karibu na soko, lina nguvu zaidi likiandikwa na chama ambacho wanachama wake wanaegesha vizuri.

Kila chama na kianze kwa kuwasomea wanachama wake kanuni hizi kwa Kiswahili, kisha kidai alama zinazokosekana.