Kiambatisho Si Mtoto wa Bahasha: Ujumbe wa SOAP na Viambatisho Vyake katika Java

Muhula uliopita mwenzangu wa chumbani aliomba apangiwe mazoezi ya kufundisha karibu na kwao. Mama yake alikuwa mgonjwa, na yeye ndiye mkubwa nyumbani. Akajaza fomu mtandaoni, akaskani barua ya hospitali kwenye steshenari ya nje ya geti, akaipandisha, na mfumo ukamjibu: "Ombi lako limepokelewa." Tukafurahi wote. Wiki tatu baadaye orodha ikabandikwa, na jina lake liko mkoa mwingine kabisa. Alipoenda kuuliza, akaambiwa kwa upole kwamba fomu ipo, na imeandikwa vizuri "angalia barua iliyoambatishwa", ila barua yenyewe haimo. Nafasi za karibu na kwao zilikuwa zimeshajaa.

Nilimwonea huruma, lakini sikuelewa jambo hilo linawezekanaje. Fomu ifike, barua isifike, na mashine iseme kila kitu sawa? Nilikuja kuelewa mwezi mmoja baadaye, nilipofanya kosa la namna ile ile kwa mikono yangu katika zoezi la programu. Mimi nasomea ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Hisabati na Kompyuta, kwa hiyo zoezi lilikuwa dogo tu: tengeneza kwa lugha ya Java ujumbe wa huduma ya wavuti wenye picha iliyoambatishwa. Humu nitaeleza nilichojifunza, hatua kwa hatua, hata kwa msomaji ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa Java.

Tuanze na barua ya kawaida

Kila mmoja wetu amewahi kuandika barua ya maombi. Juu kuna anwani na tarehe, katikati kuna habari yenyewe, na ndani ya habari unaandika "nimeambatisha nakala ya cheti, tazama Kiambatisho Na. 1". Kisha unachukua nakala ya cheti, unaandika pembeni "Kiambatisho Na. 1", unaibana kwa pini nyuma ya barua. Cheti hukukinakili ndani ya barua. Barua na cheti ni karatasi mbili zinazosafiri pamoja, na kinachoziunganisha ni yale maneno "Kiambatisho Na. 1" yaliyoandikwa pande zote mbili.

SOAP inafanya hivyo hivyo. Ni utaratibu wa programu mbili kuandikiana kwa XML, na toleo lake la 1.1 lilitolewa kama andiko la W3C Mei 2000. Ujumbe wake una bahasha, ndani ya bahasha mna kichwa, ambacho si lazima kiwepo, na mwili, ambao ni lazima. Kichwa hubeba mambo ya njiani, kama utambulisho wa anayetuma. Mwili hubeba habari yenyewe.

Shida inakuja pale unapotaka kutuma picha. XML ni maandishi. Picha ni mfululizo wa baiti za kila namna, zikiwemo baiti ambazo XML haizikubali kabisa, na nyingine ambazo kisomaji cha XML kitadhani ni alama ya kufungua tagi. Ukiitumbukiza picha mbichi ndani ya mwili, ujumbe wote unaharibika.

Njia ya kwanza watu waliyoitumia ni kuigeuza picha iwe maandishi kwa mtindo wa Base64. Mtindo huu una herufi 64, kila herufi inabeba biti 6. Baiti 3 ni biti 24, kwa hiyo zinahitaji herufi 4. Piga hesabu: picha ya MB 3 inakuwa kama MB 4. Theluthi nzima imeongezeka, na wewe unayeishi kwa bando la wiki unajua maana yake. Zaidi ya hapo, seva inalazimika kuisoma ile picha kama maandishi ya XML, kisha kuirudisha tena kuwa picha.

Njia ya pili ndiyo ya pini. Tarehe 11 Desemba 2000 W3C ilichapisha andiko la ujumbe wa SOAP wenye viambatisho, lililoandikwa na wataalamu wa Hewlett-Packard na Microsoft. Hawakubuni kitu kipya. Walichukua MIME, utaratibu ule ule unaoiwezesha barua pepe kubeba faili, wakaweka bahasha ya SOAP kama sehemu ya kwanza na viambatisho kama sehemu zinazofuata. Ukiufungua ujumbe wa namna hiyo, unaonekana hivi kwa ufupi:

--mpaka
Content-Type: text/xml

...bahasha ya XML, na ndani yake href="cid:barua1@mfano"...

--mpaka
Content-Type: image/jpeg
Content-ID: <barua1@mfano>

...baiti za picha...

--mpaka--

Angalia jina barua1@mfano. Limetokea mara mbili: ndani ya bahasha, na juu ya picha. Hilo ndilo "Kiambatisho Na. 1" letu.

Kiambatisho ni mtoto wa nani?

Sasa tuingie kwenye Java. Katika uandishi wa programu kwa objekti, kila kitu chenye maana unakipa umbo lake: kina taarifa zake na kazi zake. Klasi ni mchoro, objekti ni kitu chenyewe kilichotengenezwa kwa mchoro huo. Kabla ya kuandika msimbo, swali kubwa ni hili: nani ana nani? Nani yuko ndani ya nani?

Nilipoulizwa nichore mpangilio wa ujumbe wenye picha, nilichora bahasha juu, mwili chini yake, na picha chini ya mwili. Nikajiona nimemaliza. Mhadhiri akaniuliza swali moja tu: "Cheti chako cha kidato cha sita kimo ndani ya barua yako ya maombi, au kiko nyuma yake?"

Waliotengeneza maktaba ya Java inayoitwa SAAJ walilijibu swali hilo kwa mpangilio huu:

SOAPMessage: ujumbe mzima
    SOAPPart: sehemu ya XML, moja tu
        SOAPEnvelope: bahasha
            SOAPHeader: kichwa
            SOAPBody: mwili
    AttachmentPart: kiambatisho cha kwanza
    AttachmentPart: kiambatisho cha pili

Bahasha na kiambatisho ni ndugu. Wote wako chini ya ujumbe, na hakuna aliye ndani ya mwenzake. Tena angalia urithi: bahasha, kichwa na mwili vyote vinarithi kutoka SOAPElement, yaani ni matawi ya mti wa XML. Unaweza kuviongezea watoto, kuvitembelea, kuvitafuta kama tagi nyingine yoyote. AttachmentPart hairithi huko. Haina watoto wa XML kwa sababu yenyewe si XML. Kwa hiyo kosa nililolifanya kwenye mchoro, la kuitundika picha kwenye tawi la mwili, Java yenyewe inalikataa kabla programu haijaanza kukimbia. Huo ndio uzuri wa kuchora umbo sawasawa: kosa linakosa mahali pa kukaa.

Ukiwa na ujumbe usio na kiambatisho hata kimoja, SOAPMessage inatoka kama XML tupu. Ukiongeza kimoja, inageuka yenyewe kuwa furushi la MIME lenye mipaka. Wewe huandiki mipaka hiyo kwa mkono.

Msimbo wenyewe

Huu hapa, nimeyapa majina ya Kiswahili yale yaliyo yangu kuyachagua:

MessageFactory kiwanda = MessageFactory.newInstance();
SOAPMessage ujumbe = kiwanda.createMessage();

SOAPBody mwili = ujumbe.getSOAPBody();
SOAPElement ombi = mwili.addChildElement("ombi", "m", "urn:mfano:maombi");
SOAPElement barua = ombi.addChildElement("barua");
barua.addAttribute(new QName("href"), "cid:barua1@mfano");

DataHandler picha = new DataHandler(new FileDataSource("barua.jpg"));
AttachmentPart kiambatisho = ujumbe.createAttachmentPart(picha);
kiambatisho.setContentId("<barua1@mfano>");
ujumbe.addAttachmentPart(kiambatisho);

ujumbe.saveChanges();

Mistari miwili ya mwanzo inaomba ujumbe mtupu kutoka kiwandani. Minne inayofuata inajaza mwili: kuna ombi, ndani yake kuna tagi ya barua, na tagi hiyo inasema "mtafute anayeitwa barua1@mfano". Kisha tunaichukua picha kutoka kwenye faili, tunaitengenezea kiambatisho, tunakipa jina, tunakibana kwenye ujumbe. Mstari wa mwisho unahifadhi mabadiliko. Usisahau kwamba jina kwenye setContentId linakaa ndani ya mabano ya pembe, ila kwenye href halikai. Kuna wenzangu waliopoteza jioni nzima hapo.

Kosa langu sasa. Mimi niliuacha mstari mmoja: ujumbe.addAttachmentPart(kiambatisho). Nilidhani ukisema ujumbe.createAttachmentPart, basi ujumbe umeshapata kiambatisho. Haikuwa hivyo. Mbinu hiyo inakutengenezea kiambatisho na kukukabidhi mkononi. Kukibana ni kazi nyingine, na ni yako. Ni sawa na mtu aliyetoa kopi ya cheti, akaandika "Kiambatisho Na. 1" vizuri kabisa, akaiacha juu ya meza ya steshenari na kwenda kuposti barua.

Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyelalamika. Msimbo ulikubalika, programu ikakimbia, ujumbe ukatoka. Bahasha ilikuwa halali na XML ilikuwa safi. Ndani yake iliandikwa "mtafute barua1@mfano", na huyo barua1@mfano hayupo. Nilipochapisha idadi kwa countAttachments() ikatoka sifuri. Hapo hapo nikamkumbuka mwenzangu wa chumbani.

Wajibu wa anayepokea

Sitaki kusema mfumo wa fomu yake ulitumia SOAP. Lakini ugonjwa ni mmoja: upande unaopokea ulisoma fomu, ukaridhika na fomu, ukajibu "limepokelewa" bila kuuliza kama kile kilichotajwa ndani ya fomu kimefika kweli. Kwa kuwa bahasha na kiambatisho ni ndugu wanaojuana kwa jina tu, ukaguzi wa bahasha haukuambii lolote juu ya kiambatisho. Ni lazima umwite kwa jina uone kama ataitika. Katika SAAJ ni mistari michache:

AttachmentPart kilichofika = ujumbe.getAttachment(barua);
if (kilichofika == null) {
    // usijibu "limepokelewa"
}

Mbinu ya getAttachment inapewa tagi, inasoma href yake, inamtafuta mwenye jina hilo. Asipokuwepo inarudisha null. Hapo programu yenye adabu inamjibu mtumaji kwa SOAPFault, ambayo ni sehemu ya mwili iliyotengwa kwa ajili ya kutaja makosa, na inasema wazi: barua haikufika, itume tena. Mtu angejua siku ile ile, akiwa bado amesimama steshenari, na si baada ya wiki tatu.

Mambo mawili kabla ya kufunga

La kwanza: tarehe 25 Januari 2005 W3C ilipitisha njia nyingine, MTOM pamoja na XOP. Humo picha inahesabiwa kuwa mtoto halali wa mwili, ila wakati wa safari inatolewa na kupandishwa gari lake peke yake, kisha ikifika inarudishwa mahali pake. Kwa mtu anayetazama objekti, picha imo ndani. Kwa mtu anayetazama waya, iko nje. Ukikutana na mifumo yote miwili, uliza kwanza: hapa kiambatisho ni ndugu, au ni mtoto aliyepanda basi jingine?

La pili ni la kukuokolea muda. SAAJ ilikuja ndani ya Java 6, ikaondolewa katika Java 11 mwaka 2018. Ukinakili msimbo wa zamani unaoanza na javax.xml.soap kwenye Java mpya, utagoma. Ongeza maktaba mwenyewe. Siku hizi jina lake linaanza na jakarta.xml.soap. Na kama unatumia JSON badala ya SOAP, usijione umepona. Fomu ya wavuti inayopandisha faili nayo hufungwa kwa MIME, sehemu kwa sehemu, na swali la "aliyetajwa amefika?" linabaki pale pale.

Mwenzangu alikwenda mkoa aliopangiwa, akafundisha wiki zake zote, na kila Ijumaa jioni alipiga simu nyumbani kuulizia hali ya mama. Mama anaendelea vizuri. Mimi tangu siku ile sijawahi kuandika neno "limepokelewa" kwenye programu yangu kabla ya kuhesabu viambatisho.

Maswali ya kujipima

1. Chora mpangilio wa objekti za ujumbe wenye vyeti viwili na picha moja. AttachmentPart ni ngapi? SOAPPart ni ngapi?

2. Faili lako lina MB 6. Likigeuzwa Base64 litakuwa na ukubwa wa takriban MB ngapi?

3. Ujumbe umefika na viambatisho viwili, lakini bahasha inataja kimoja tu. Je, programu yako ikubali, ikatae, au imuulize mtumaji? Toa sababu, na umfikirie mtu aliye upande wa pili.