Riba ya Hatifungani, Bei ya Unga na Kazi za Mjengo

Februari 2024, serikali ya kitaifa iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Ilitafuta shilingi bilioni 70, wawekezaji wakaleta zaidi ya bilioni 280. Kilichowavuta ni riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, isiyokatwa kodi. Chama kilichoweka shilingi 100,000, kiwango cha chini wakati huo, kilianza kupata takriban shilingi 9,230 kila miezi sita.

Kwa nini serikali ilikubali kulipa hivyo? Mfumko wa bei ulikuwa umefika asilimia 9.6 Oktoba 2022, na Januari 2024 dola moja ilikuwa takriban shilingi 160. Pesa zikipoteza thamani, anayekopesha hudai riba zaidi. Benki Kuu ya Kenya nayo ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13 ili kutuliza bei.

Dawa hiyo ilikuwa chungu mashinani. Benki inayoweza kupata asilimia 18 kutoka kwa serikali haina haraka ya kumkopesha mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ikimkopesha, riba ni ya juu. Basi anaahirisha kufungua tawi, mwenye ploti anasimamisha mjengo, na fundi na vijana wake wanakosa kazi. Hasara hii haionekani kwenye bei ya unga, hivyo husahaulika upesi.

Kufikia Oktoba 2024, mfumko ulikuwa asilimia 2.7 na Benki Kuu ilikuwa imeanza kupunguza riba. Mfumko kushuka si bei kurudi chini. Bei huwa zinapanda polepole tu.

Hatifungani zilizofuata zilipotoa riba ndogo, ile ya Februari ikawa mali. Mtu anayeweza kupata asilimia 13 tu kwingine yuko tayari kutoa zaidi ya shilingi 100,000 ili apate ya asilimia 18. Riba zikipanda, mambo hugeuka: aliye na hatifungani ya riba ndogo akilazimika kuiuza mapema katika Soko la Hisa la Nairobi, atapata pungufu ya alichoweka. Asiyeuza huendelea kulipwa riba ileile hadi muda uishe. Kwa hivyo pesa za karo ya muhula ujao hazifai kuwekwa humo, hata riba ikiwa tamu.