Ukiingia Kanisa Anglikana kwa mara ya kwanza

Mtoto anayekulia Kalemela, mkoani Simiyu, huyajua makanisa ya majirani kabla hajajua kusoma. AIC (Africa Inland Church) ipo, Wakatoliki wapo, Wasabato husali Jumamosi, na Wapentekoste husikika kwa vipaza sauti. Waanglikana hawasikiki sana upande huu. Ndiyo maana mtu akialikwa harusini, msibani au kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki katika kanisa lao, huanza kuuliza: nitakaa wapi, nitafanya nini, nisije nikawaaibisha wenyeji? Majibu yafuatayo yanatokana na utaratibu wa Kanisa Anglikana Tanzania na desturi za sharika zake.

Waanglikana ni akina nani, na wana historia gani huku?

Ni kanisa linaloongozwa na maaskofu, lenye asili Uingereza. Marekani na Uskoti huitwa Kanisa la Episkopali, lakini ukoo ni mmoja. Tanzania lilifika kwa njia mbili. Wamisionari wa shirika la UMCA (Universities' Mission to Central Africa) waliingia Unguja mwaka 1864, na wale wa shirika la CMS (Church Missionary Society) wakapita Mpwapwa kuanzia mwaka 1876 kuelekea Ziwa Victoria na Uganda. Mmoja wao, fundi Alexander Mackay, alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890.

Wasimiyu wengi hawajui kwamba CMS walikuwa na kituo Nassa, ukingoni mwa Ghuba ya Speke, tangu mwishoni mwa miaka ya 1880. Leo Nassa iko katika mkoa huuhuu wa Simiyu. Mwaka 1909 CMS walikikabidhi kituo hicho kwa Africa Inland Mission, na hapo ndipo ilipoanza kazi iliyozaa AIC Tanzania. Kwa hiyo muumini wa AIC anayeingia kanisa la Anglikana haendi kwa watu wa mbali. Anawatembelea waliolima shamba hilo kabla ya wazee wake.

Siku hizi Waanglikana wa Kanda ya Ziwa wana Dayosisi ya Victoria Nyanza, yenye makao Mwanza. Ilianzishwa mwaka 1963, na askofu wake wa kwanza alikuwa Maxwell Wiggins kutoka New Zealand. Jirani yake ni Dayosisi ya Shinyanga. Mtu asiyejua mtaa, yaani kusanyiko, wa Anglikana ulio karibu naye aulize katika ofisi mojawapo ya hizo.

Je, mgeni atamkuta kasisi kila Jumapili?

Mjini, mara nyingi ndiyo. Kijijini, mara nyingi hapana. Kasisi mmoja huhudumia mitaa kadhaa, naye huizungukia kwa zamu, pengine kwa pikipiki au baiskeli. Asipokuwepo, katekista au mwinjilisti huongoza Sala ya Asubuhi: nyimbo, toba, zaburi, masomo, mahubiri na maombi. Ushirika Mtakatifu husubiri zamu ya kasisi. Mgeni asidhani ameletewa ibada pungufu. Sala ya Asubuhi ni ibada kamili, na makanisa mengi ya vijijini yamekuzwa na makatekista waliofundisha bila mshahara wa kueleweka.

Ibada inakwendaje? Atajuaje pa kusimama na pa kupiga magoti?

Hapa ndipo Waanglikana wanapotofautiana na wengi. Ibada yao imeandikwa. Mapokeo hayo yalianza na kitabu cha sala cha Kiingereza cha mwaka 1549, kazi ya Askofu Mkuu Thomas Cranmer, aliyetaka watu wasali kwa lugha wanayoielewa. Tanzania ina kitabu chake cha Kiswahili, *Sala kwa Watu Wote*, cha mwaka 1995. Humo maneno ya kiongozi na maneno ya watu yametenganishwa. Kiongozi akimaliza sehemu yake, kusanyiko zima linajibu.

Kwa mgeni, hilo ni jambo kubwa. Hahitaji kuwa na kipaji cha kuomba kwa sauti, wala kujulikana na mtu, ndipo apate neno la kusema. Neno lake limo kitabuni tangu siku ya kwanza. Akiazimwa kitabu na jirani kwenye benchi, anasema toba ileile anayosema askofu. Vitabu vikiwa vichache, asikilize tu. Majibu mengi ni mafupi, na hurudiwa kila wiki hata mtoto asiyesoma huyashika.

Mpangilio wa Ushirika ni huu: wimbo wa kuingia, maungamo ya dhambi, masomo ya Biblia, mahubiri, Imani ya Nikea, maombi, kupeana amani, sadaka, sala ya shukrani juu ya mkate na divai, Baba Yetu, kushiriki, kisha baraka. Watu husimama Injili inaposomwa, huketi kwa mahubiri, hupiga magoti au kuinama kwa toba. Mwenye magoti mabovu huketi, na hakuna atakayemshangaa. Wakati wa amani watu hushikana mikono huku wakitakiana amani ya Bwana. Mgeni atoe mkono tu.

Aangalie pia kitambaa cha mezani. Zambarau ni Majilio au Kwaresima, nyeupe ni Krismasi na Pasaka, nyekundu ni Pentekoste, na kijani ni majira marefu yaliyobaki. Mkatoliki ataitambua kalenda hiyo mara moja.

Ataitwa asimame ajitambulishe?

Karibu kila kanisa la Tanzania hufanya hivyo, na Waanglikana wamo. Wakati wa matangazo, mzee wa kanisa huwaomba wageni wasimame. Inatosha kusema: "Bwana Yesu asifiwe. Naitwa fulani, natokea Kalemela, nimekuja kusali nanyi." Wenyeji huitikia "Amina," hupiga makofi, pengine huimba ubeti wa kumkaribisha. Mwenye haya amweleze mzee wa kanisa mlangoni, kabla ibada haijaanza. Si lazima kueleza dhehebu, na salamu haina haja ya kugeuka kuwa ushuhuda mrefu.

Anaweza kushiriki Meza ya Bwana?

Kwa desturi ya Tanzania, wanaoshiriki ni waliobatizwa na kupokea kipaimara kutoka kwa askofu. Mgeni kutoka kanisa lingine azungumze na kasisi kabla ya ibada, na asione vibaya akijibiwa kwamba asubiri. Akibaki kwenye benchi hakosi adabu. Katika makanisa mengi anaweza pia kwenda mbele, mikono ameikunja kifuani, akaombewa baraka. Kwa kawaida kikombe ni kimoja na kilichomo ni divai. Asiyetumia kileo, kama wengi waliolelewa AIC, apokee mkate pekee. Kwa mafundisho ya Kianglikana, ushirika wake haujapungua.

Atoe sadaka kiasi gani?

Hakuna kiwango. Mara nyingi kapu huwa mbele, watu hutoka benchi kwa benchi wakiimba, na mgeni asiye na fedha anaweza kubaki ameketi. Kijijini sadaka huja pia kwa vitu: kuku, mayai, mahindi, mpunga, choroko au dengu, hasa baada ya mavuno. Ibada ikiisha, vitu hivyo hunadishwa nje. Mnada huo una kelele na furaha, na kuku mmoja anaweza kununuliwa, kurudishwa kama sadaka, kisha kunadiwa tena. Mgeni anayetaka kufahamiana na watu asikimbilie nyumbani. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Avae nini, na kiongozi amwiteje?

Nguo safi ya heshima inatosha. Viatu havivuliwi, wanaume huvua kofia, na simu huzimwa. Akina mama wenye sare za Umoja wa Akina Mama, chama kilichoanzishwa Uingereza na Mary Sumner mwaka 1876, huwa wa kwanza kumpokea mgeni na kumwonyesha pa kukaa. Kanda ya Ziwa kiongozi huitwa mchungaji au kasisi. Unguja na Masasi, padre. Mke wake ni mama mchungaji, kwani makasisi wa Anglikana huoa.

Kwa nini Anglikana ya Unguja ina ubani, na ya Mwanza haina?

Ni urithi wa misheni zile mbili. UMCA walipenda misa yenye mavazi, mishumaa na ubani. Kanisa lao kuu la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 chini ya Edward Steere, limesimama pale lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo. CMS walisisitiza mahubiri na Biblia, na mavazi yao ni mepesi. Mwaka 1970 pande hizo ziliunda jimbo moja la Tanzania chini ya Askofu Mkuu John Sepeku. Msukuma anayesali Mwanza akienda Unguja, atakuta sala anazozijua ndani ya moshi asioujua.

Na ndugu aliyehamia Marekani?

Atafute Kanisa la Episkopali. Ataukuta mpangilio uleule wa ibada, lakini ajue kuna tofauti. Kanisa hilo liliruhusu wanawake kuwa makasisi mwaka 1976, na mwaka 2015 likaruhusu ndoa za jinsia moja. Kabla ya hapo, Desemba 2006, maaskofu wa Tanzania walikwisha kutangaza kwamba ushirika wao nalo umeharibika vibaya. Kuhusu wanawake, hata Afrika Mashariki hakuna msimamo mmoja: baadhi ya dayosisi za Tanzania huwapa ukasisi na nyingine hazifanyi hivyo, na mwaka 2021 Kenya iliwaweka wakfu Rose Okeno na Emily Onyango kuwa maaskofu.

Akitaka kuendelea?

Amwone katekista. Ambaye hajabatizwa huingia darasa la ubatizo, linaloweza kuchukua miezi. Aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, habatizwi tena, hata kama alizamishwa ziwani na kanisa lingine. Yeye hufundishwa kwa ajili ya kipaimara au kupokelewa. Askofu hufika parokiani kwa ratiba, pengine mara moja kwa mwaka, kwa hiyo ni vema aulize mapema tarehe ya ziara ijayo, ajiandikishe, na apeleke cheti chake cha ubatizo kama anacho.