Lakabu na Mtu: Kusoma Upya Wasifu wa Duke wa Wellington

Katika uhakiki wa wasifu, lakabu yafaa kutazamwa kwa hadhari. Humtambulisha mhusika kwa neno moja, na papo hapo humfunika. Mfano wa kutajika ni Arthur Wellesley, Duke wa Wellington, ambaye Waingereza walimwita "Duke wa Chuma". Masimulizi mengi humkata vipande viwili: askari aliyemshinda Napoleon huko Waterloo tarehe 18 Juni 1815, kisha mwanasiasa mkaidi asiyejua kupinda. Makala haya yanashikilia kwamba mkato huo una kasoro.

Wellesley alizaliwa Ireland mwaka 1769 katika ukoo wa makabaila wa Kiprotestanti. Babaye alikuwa Earl wa Mornington. Hakuwa kifungua mimba, hivyo cheo cha babaye kilimwendea kaka yake. Aliingia jeshini mwaka 1787, enzi ambapo vyeo vingi vya maafisa vilinunuliwa kwa fedha. Jambo linalosahauliwa ni kwamba mwaka 1790, kabla hajapigana vita vyovyote, alikuwa tayari mbunge wa Trim katika bunge la Dublin. Ushindi wake wa Assaye, nchini India, ulikuja mwaka 1803. Kumwita mwanajeshi aliyegeuka mwanasiasa, basi, ni kupindua mpangilio wa matukio ili hadithi inoge.

Kuhusu ukaidi, ushahidi unakinzana, na hapa ndipo wasifu huu unapopata uzito. Alipokuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 1828, Wakatoliki hawakuruhusiwa kuketi katika bunge la London. Mwaka uo huo Daniel O'Connell, Mkatoliki wa Ireland, alishinda uchaguzi mdogo wa Clare. Wellington alikuwa akiipinga haki hiyo, lakini aliona kuwa kuendelea kuizuia kungeweza kuitumbukiza Ireland vitani. Akamshurutisha Mfalme George wa Nne, akawakabili wenzake wa chama cha Tory, na sheria ikapita mwezi Aprili 1829. Earl wa Winchilsea alimtuhumu hadharani kwa hila dhidi ya Uprotestanti. Tarehe 21 Machi wakakutana kwa bastola katika viwanja vya Battersea. Hakuna aliyejeruhiwa, na Winchilsea akaomba radhi kwa maandishi. Mtu wa chuma, kumbe, alikuwa tayari kupigwa risasi kwa ajili ya kulegeza kamba!

Mwaka uliofuata alifanya kinyume chake kabisa. Tarehe 2 Novemba 1830 alilitangazia Bunge la Malodi kuwa mfumo wa uwakilishi hauhitaji marekebisho yoyote. Ni kauli iliyomgharimu: katika mwezi huo huo serikali yake ilianguka. Mwezi Aprili 1831 umati ulivunja madirisha ya nyumba yake ya London, Apsley House, maiti ya mkewe, Catherine, ikiwa bado ndani. Madirisha yalivunjwa tena Oktoba, naye akaamuru yawekewe mabamba ya chuma. Wapo wanaosimulia kuwa lakabu yake ilitokana na mabamba hayo. Wengine huihusisha na uthabiti wake. Ikiwa simulizi la kwanza lina ukweli, basi chuma kilikuwa cha nyumba, si cha mwenye nyumba. Na tarehe 18 Juni 1832, miaka 17 kamili baada ya Waterloo, umati ulimzomea na kumwandama katika barabara za London hadi akajihifadhi Lincoln's Inn.

Mswada wa marekebisho ulikuwa umekwisha kuwa sheria siku 11 kabla. Uliwezekana kwa sababu Wellington, baada ya kushindwa kuunda serikali mwezi Mei, alijizuia kuupigia kura ya kuukataa, na Malodi wengi wakamfuata.

Msomaji aliyezoea kutenga wahusika bapa na wahusika duara atapata taabu kumweka Wellington katika kundi la kwanza. Mwaka 1846, akiwa na miaka 77, hakupenda kufutwa kwa sheria zilizolinda bei ya nafaka ya wenye mashamba, watu wa tabaka lake. Hata hivyo aliwashawishi Malodi wazifute, kwa hoja kwamba serikali imara ilikuwa na thamani kuliko sheria hizo. Alifariki tarehe 14 Septemba 1852. Miezi miwili baadaye, barabara za London zilizowahi kumzomea zilijaa watu waliokuja kuliona jeneza lake likipelekwa kanisa kuu la St Paul's.