Antena ya Redio ya Upepo: Tuchague Ipi, Tuifunge Wapi?

Leo tutajifunza juu ya antena ya redio ya upepo inayofungwa kwenye gari. Hatusemi redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Tunasema ile ya kuita na kujibiwa.

Wengine watauliza: redio ya upepo ya nini, na simu za mkononi zimejaa kila mahali? Swali hilo ni zuri. Simu inategemea mnara. Mnara ukikosa umeme, au gari likiwa nyuma ya kilima cha mawe, simu haina kazi. Redio ya upepo hutoka gari hadi gari, au gari hadi zahanati. Tena sauti moja husikiwa na wote walio kwenye chaneli ile. Huduma ya Madaktari wa Ndege ilipoanzishwa Nairobi mwaka 1957, hospitali za mbali zilikuja kuita ndege kwa redio za upepo.

Sasa fikirini. Land Rover ya kijiji imembeba mama mjamzito usiku, wakati wa masika. Inakwama matopeni njiani kwenda hospitali ya Nansio. Dereva anabonyeza maiki, anaita. Taa ya redio inawaka, lakini hakuna anayejibu. Redio ni nzima, betri ni nzima. Ubovu uko kwenye antena. Mara nyingi mambo huwa hivyo. Watu hutoa fedha nyingi kununua redio, halafu antena wanafunga yoyote ile.

Kila redio ina antena yake

Redio hurusha mawimbi. Mawimbi yana urefu, kama yale ya ziwa letu: kutoka mgongo wa wimbi moja hadi mgongo wa wimbi linalofuata. Kuujua urefu huo si kazi ngumu. Chukua 300, gawanya kwa namba ya megahezi za redio yako. Jibu ni mita.

Tuchukue redio za CB, yaani redio za raia. Madereva wa malori wa Marekani wamezitumia sana, na tangu mwaka 1977 zina chaneli 40 kule. Redio hizo hutumia megahezi 27 hivi. 300 gawanya kwa 27 ni mita 11 na kidogo. Antena ya gari iliyo nzuri ni robo ya wimbi. Robo ya mita 11 ni mita 2 na sentimita 75. Hiyo ni ndefu kuliko mtu yeyote!

Redio nyingine hutumia megahezi 150. Wimbi lake ni mita 2, na robo yake ni nusu mita tu. Ndiyo maana magari mengine yana kijiti kifupi juu ya paa. Basi ukikuta antena ya bei rahisi sokoni Mwanza, usiinunue kwa sababu inang'aa. Uliza kwanza: ni ya megahezi ngapi?

Je, mita 2 na sentimita 75 si itanaswa na matawi ya miembe? Itanaswa, ndiyo. Kwa hiyo mafundi wametengeneza antena fupi. Waya umezungushwa kama uzi kwenye kigurudumu, ukafunikwa. Antena ya namna hiyo huwa na mita 1 au 1 na nusu. Inafanya kazi, lakini haifiki mbali kama ile ndefu. Kwa barabara zetu sisi tungechagua ya mita 1 na nusu yenye springi chini, ili ikigonga tawi ilale na kurudi. Ya mita 1 ni ya mjini.

Mahali pa kuifunga

Hapa ndipo wengi hukosea. Antena haifanyi kazi peke yake. Inahitaji bati la gari chini yake. Wavuvi wataelewa upesi: ukitaka kusukuma mtumbwi kwa pondo, lazima pondo likanyage chini. Pondo lisilofika chini halisukumi kitu. Bati la gari ni ile ardhi ambayo antena inakanyaga.

Kwa hiyo mahali bora ni katikati ya paa la bati. Mawimbi yatakwenda pande zote sawasawa. Ukiifunga pembeni, nguvu inaelekea upande wenye bati jingi. Mfano, antena iliyo nyuma kushoto inasikika zaidi mbele kulia. Kwenye bampa ya nyuma ni pabaya, maana nusu ya antena inafichwa na bodi. Na kama Land Rover yako ina turubai badala ya paa, usifunge juu ya mabomba ya turubai. Funga kwenye madigadi ya mbele, karibu na boneti.

Wengine hupenda antena mbili, moja kila upande, kwa kuiga malori. Mbili hizo zinataka kuachana karibu mita 3 ndipo zisaidiane. Upana wa Land Rover haufiki mita 2. Hayo ni mapambo tu.

Jambo jingine. Zipo antena zenye sumaku chini. Unaibandika juu ya paa, kazi imekwisha. Lakini tangu Land Rover zilipoanza mwaka 1948, bodi zake zilitengenezwa kwa aluminiamu, kwani wakati ule chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Sumaku haishiki aluminiamu, sawa na isivyoshika sufuria. Land Rover hizo za zamani zinataka bolti.

Toboa tundu. Kwangua rangi kwa msasa pale bolti inapogusa bodi, mpaka uone metali inang'aa. Rangi huzuia umeme. Kaza nati, kisha paka grisi juu yake, maana bolti ya chuma na bodi ya aluminiamu zikikaa na maji huliwa upesi.

Waya na vipimo

Waya wa antena una waya mmoja katikati na wavu wa nyuzi nje. Viwili hivi visigusane kamwe. Usitumie waya wa televisheni. Si wa kazi hii. Usiupitishe mahali mlango unapoukanyaga. Kabla ya kuuunganisha, upime kwa betri na glopu ya tochi. Umeme ukiupitisha waya wa katikati toka mwanzo hadi mwisho, glopu iwake. Ukiupitisha kati ya waya wa katikati na wavu, glopu isiwake. Ikiwaka, usiunganishe redio! Redio ikiita bila antena, au na waya uliogusana, inaweza kuungua.

Halafu tafuta fundi mwenye kipimo cha mawimbi yanayorudi. Gari lisimame uwanjani, mbali na nyumba za bati, milango imefungwa. Kipimo kikisoma 1 na nusu ni vizuri. Kikisoma 2, inavumilika. Kikifika 3, acha kuita. Apime chaneli 1 na chaneli 40. Kama 40 inasoma zaidi, antena ni ndefu, ipunguzwe kidogo kidogo. Kama 1 inasoma zaidi, ni fupi.

Msitegemee maajabu. Gari hadi gari ni kilomita chache, pengine 15 mahali pa wazi. Kilima kikiwa katikati zinapungua.

Tahadhari: mtu asishike antena wakati dereva anaita, itamuunguza. Ilaze kabla ya kupita chini ya nyaya za umeme zilizolegea. Radi zikianza ziwani, acha kuita na usiguse antena. Na kabla ya yote, kiongozi wa kikundi aulize kibali TCRA, kwani masafa hayatumiwi bila ruhusa.

Zoezi

1. Redio ya zahanati inatumia megahezi 75. Wimbi lake lina mita ngapi? Robo yake ni mita ngapi?
2. Nendeni na sumaku ya spika mbovu kwenye gari lililo karibu nanyi. Je, bodi inashika? Mngefunga antena kwa njia gani?
3. Pimeni kutoka ardhini hadi juu ya paa la gari hilo. Ongezeni mita 1 na nusu. Je, litapita chini ya mwembe ulio njiani kwenu?