MBWA WA ULINZI: RUHUSA YAKE NA HAKI ZAKE

Ama baad. Katika darsa zetu limesomwa swali lililotoka kwa ndugu zetu wa pwani waliohamia nchi ya ziwa, baadhi yao wakiwa na maduka katika mji wa Migori na wengine wakiwa na ng'ombe na mashamba upande wa Homa Bay. Wasema kuwa jirani zao wafuga mbwa, na wao wenyewe wameshauriwa wachukue mbwa wa asili za kigeni, wakubwa, wenye nguvu, walinde nyumba na zizi. Je, yafaa? Na ikiwa yafaa, ataishije mtu wa sala tano na mnyama mzito kama mtu mzima, na watoto wacheza uani?

Swali hili watu wa miji yetu hulijibu upesi mno. Aliyezaliwa Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, mahali ambapo nyumba zimeegemeana ukuta kwa ukuta na mnyama wa mtaani ni paka, hana haja ya mbwa, basi hudhani kuwa hakuna Mwislamu mwenye haja naye. Nchi ya ziwa si hivyo. Migori iko juu ya njia kuu iendayo Isebania, mpakani mwa Tanzania, na upande wa Kuria wizi wa ng'ombe wa kuvuka mpaka ni jambo la miaka mingi. Homa Bay kuna bonde la Lambwe na mbuga ya Ruma, na fisi hasomi vibao vya mpaka wa mbuga. Wala Uislamu si mgeni huko, kwani Kendu Bay ina msikiti na jamaa ya Waislamu tangu zamani.

Asili ya mas'ala haya ni hadithi za Ibn Umar na Abu Huraira, Mwenyezi Mungu awawie radhi, zilizomo katika Sahihi mbili. Maana yake ni kuwa afugaye mbwa hupungukiwa kila siku na kirati ya thawabu zake, na katika riwaya nyingine kirati mbili, illa akiwa ni mbwa wa kuwinda, au wa kulinda mifugo, au wa shamba. Basi mwenye ng'ombe Homa Bay jawabu lake limekwisha hapo. Mwenye duka na nyumba Migori hakutajwa; lakini Imamu Nawawi ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba wanachuoni wa madhehebu yetu wana kauli mbili juu ya mbwa wa kulinda nyumba, na iliyo sahihi zaidi ni kujuzu, kwa kumkisia na wale waliotajwa, maana sababu ni moja, nayo ni haja. Husimuliwa pia khabari ya Ibn Abi Zayd wa Kairawani, mwanachuoni mkubwa wa Kimaliki, kuwa ukuta wa nyumba yake ulianguka akaweka mbwa. Alipokumbushwa kuwa Imamu Malik alichukia jambo hilo, alijibu kuwa lau Malik angalikuwako zama zile, angaliweka simba.

Tuliyoyasema ni ya mwenye haja. Ama kijana amfugaye mbwa mkubwa ili apite naye barabarani watu wamkimbie, huyo hana ukuta ulioanguka.

Muulizaji hakuuliza juu ya bei, nasi twaiona nzito kuliko alilouliza. Mbwa hawa huuzwa kwa maelfu ya shilingi. Rottweiler, aliyepata jina kwa mji wa Rottweil wa Ujerumani alikokuwa mbwa wa wachinjaji na wachunga ng'ombe, au Boerboel wa Makaburu wa Afrika Kusini, hutangazwa kwa nasaba yake kama farasi wa mfalme. Na Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa. Abu Hanifa amejuzisha kumuuza mbwa mwenye manufaa. Shafi amekataza, awe ni wa manufaa au si wa manufaa. Lakini mafakihi wetu wa Kishafi hawakuufunga mlango wote. Wamesema kuwa mwenye mbwa wa halali, ijapokuwa hammiliki kama amilikivyo mbuzi, ana haki ya kuwa naye, na yafaa apewe mali ili aiondoe haki yake hiyo na kumwachia mwingine. Basi ndugu zetu wanuie hivyo na watamke hivyo, au wapate mtoto wa mbwa kwa hiba, kwani mwenye mbwa aliyezaa mara nyingi hutafuta wa kumpa. Biashara ya kuwazalisha mbwa na kuwauza hatuioni kuwa ni ya Mshafi.

Katika tohara twajua khitilafu ya Maimamu. Malik amesema mbwa ni twahara, na miongoni mwa hoja za madhehebu yake ni kuwa aya ya 4 ya Sura ya Maida imehalalisha windo alikamatalo mbwa aliyefunzwa, wala haikuamrisha lioshwe. Kwa Abu Hanifa mate ni najisi na nywele si najisi. Kwetu mbwa wote ni najisi, na alicholamba au kukigusa chenye maji huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kwa kauli yenye nguvu sabuni haishiki mahali pa udongo. Hata hivyo wengi wajitia mashaka bure. Mkavu akigusa mkavu hapana najisi. Mbwa akipita karibu na kanzu yako wala pasiwe na umajimaji, nenda kasali. Mjengee kibanda chake karibu na mlango wa ua, si barazani wala ndani, mwekee vyombo vyake vya peke yake, na mwenye kumlisha awe na nguo ya kazi hiyo. Kwa mpango huo nyumba ya kulala na kusalia hubaki bila mbwa, na shaka ya Malaika kutoingia huondoka kwa wepesi.

Waislamu wenzetu wa nchi nyingine wameishi hivi karne nyingi. Wachungaji wa Anatolia, upande wa Sivas nchini Uturuki, wana mbwa wao aitwaye Kangal, mkubwa kupita wengi, ambaye huvishwa ukosi wa chuma wenye miiba ili mbwa mwitu asimkamate koo. Hulala na kondoo, si na watu. Mbwa wa asili hiyo wamepelekwa hata Namibia tangu mwaka 1994 kulinda mbuzi wasiliwe na duma, na mkulima ambaye mbuzi wake wamesalimika haoni sababu ya kumpiga duma risasi.

Sasa haki za mnyama mwenyewe. Tumesoma sote khabari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake; na khabari ya mwanamke aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, akaingia Motoni. Basi tazama mbwa wangapi wa ulinzi wafungwa mnyororo tangu asubuhi hata magharibi, juani, kwa dhana kuwa njaa na mnyororo vitawatia ukali. Vyawatia wazimu, si ukali. Mbwa wa namna hii hulelewa tangu udogo. Wiki ya tatu hata ya kumi na mbili hivi ndiyo zama zake za kujifunza nani ni wa nyumbani, mtoto ni nini, na mgeni aliyekaribishwa ni nani. Aliyefungiwa gizani siku hizo huja kumwogopa kila mtu, na mbwa mkubwa mwenye hofu ni hatari kuliko mbwa mkubwa jasiri. Wazee wetu walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Chakula si taabu ziwani. Ugali na omena, yaani dagaa wa ziwa, hupatikana kila soko. Lakini maini na mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa asipewe kabisa, khasa siku ya Idi ya kuchinja, maana ndani yake huwamo malengelenge ya tegu. Mbwa akiyala hutoa mayai ya tegu katika kinyesi, na mayai hayo yakiingia tumboni mwa mtoto humtia uvimbe wa ini. Yachomwe au yazikwe ndani sana. Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa kipimo cha daktari wa mifugo, aogeshwe dawa ya kupe, na kwa walio karibu na Lambwe, bonde lililojulikana tangu zamani kwa mbung'o, wajue kuwa mbwa huugua vibaya ugonjwa wa mdudu huyo: hupata homa, hukonda, na macho yake huingia weupe. Akionekana hivyo atibiwe upesi.

Haki ya jirani ndiyo ya mwisho, nayo ndiyo ipotezwayo zaidi. Watu huwafungua mbwa usiku na kuwafunga jua lichomozapo. Na kabla ya jua kuchomoza ni nani yuko njiani? Ni muadhini, na wazee waendao sala ya alfajiri. Ua usio na mlango madhubuti haumpi mtu ruhusa ya kufungua mbwa. Sharia imemtaja mbwa mshari, aumaye watu ovyo, miongoni mwa wanyama watano wauawao hata katika Haram ya Makka. Na mwenye kumjua mbwa wake kuwa ni mshari kisha akamwacha, dhamana ya jeraha ni juu yake. Basi amfunzaye mbwa kumuuma kila apitaye, amemtoa mwenyewe katika ulinzi wa sharia.

Tena kuna kichaa cha mbwa. Kenya kilithibitishwa mwaka 1912 kwa mbwa wa pembeni mwa Nairobi, na binadamu wa kwanza kuandikwa alikuwa mwanamke wa upande wa ziwa, mwaka 1928. Duniani hukisiwa kuwa chaua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikisha kumtokea mtu, kupona ni nadra mno. Chanjo ya mbwa hupigwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Serikali ya Kenya iliweka mpango wa mwaka 2014 hata 2030 wa kukimaliza, na shina lake ni kuwachanja mbwa 70 katika kila 100. Mwislamu mwenye mbwa asiyechanjwa awarudisha nyuma jirani zake wote.

Aliyeumwa, jeraha lioshwe mara hiyo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapigwe sindano, nazo ni kadha kwa siku zilizopangwa. Hatusemi, kama wapendavyo kusema baadhi ya watu, kuwa kuosha mara saba kwa udongo ndiyo dawa yake. Kule ni ibada ya tohara, na udongo usitiwe katika jeraha. Wala asipelekwe kunyweshwa kombe au kufungwa hirizi huku siku zikipita, kwani Mtume (s.a.w.) ametuamuru tujitibu, na dawa ya ugonjwa huu imejulikana tangu Pasteur alipomdunga mtoto wa Kifaransa mwaka 1885. Na mbwa aliyeuma, akiwa hana dalili ya ugonjwa, asiuawe kwa hasira. Afungwe, atazamwe siku kumi na daktari wa mifugo. Akizipita yu mzima, hakuwa na kichaa katika mate yake siku alipouma. Sindano za aliyeumwa zisizingoje siku hizo.