Sukari Katika Damu: Somo kwa Mgonjwa na kwa Watu wa Nyumba Yake

Ninaanza somo hili na kosa langu mwenyewe, maana lilinifundisha kuliko vitabu vingi.

Miaka kadha iliyopita nilimtembelea mama mmoja hapa Murara, mwimbaji wa kwaya. Munganga alikuwa amempima na kuona ya kuwa ana ugonjwa wa sukari, akampa vidonge vya glibenklamidi. Nikakaa na watu wa nyumba yake, nikawafundisha kwa bidii. Niliwaambia, "Sukari ni adui wa mama yenu. Iondoeni katika nyumba." Nao wakanitii kabisa. Mkebe wa sukari wakampa jirani, hata asali wakaitoa.

Basi, jioni moja mama yule alirudi kutoka mazoezi ya kwaya akiwa amechoka sana. Hakula. Lakini kidonge chake alimeza, kama alivyoagizwa. Katikati ya usiku akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, akasema maneno yasiyo na maana, akawapiga watoto waliomshika. Binti yake mkubwa alidhani ni pepo, wakaanza kumwombea kwa sauti. Jirani, kijana anayeendesha moto, ambaye baba yake naye ana ugonjwa huu, alisikia kelele akaja. Aliuliza neno moja tu: "Sukari iko wapi?" Katika nyumba ile haikuwako hata kijiko kimoja. Waligonga milango mitatu katika giza mpaka wakaipata. Mama alikunywa maji yenye sukari, na baada ya muda akawatambua watoto wake.

Asubuhi binti yule akaniuliza: "Mulituambia tuiondoe sukari. Mbona ndiyo iliyomponyesha?" Siku ile sikuwa na jibu jema. Leo ninaliandika.

Chakula tunachokula hugeuka kuwa sukari ndani ya mwili. Usidhani ninasema juu ya vitu vitamu tu. Bugali wa muhogo, bugali wa mahindi, wali, viazi, makemba, mikate, vyote hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Sukari hiyo ni kama makala kwa mbabula: bila makala hakuna moto, bila moto hakuna chakula. Sasa fikiri nyumba ambayo magunia ya makala yamefika, yamejaa nje ya lango, lakini mwenye kufungua lango hayuko. Nje magunia yanaziba njia, na ndani mbabula imezimika na watoto wana njaa. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa sukari. Mwenye kufungua lango huitwa insulini, nayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Watu wengine, mara nyingi watoto na vijana, kongosho lao haliitengenezi tena. Wengine, na hao ndio wengi, hasa watu wazima, wanayo, lakini ni kidogo au mwili hauisikii.

Kwa hiyo mgonjwa anakula na kukonda. Ana kiu, anakojoa mara nyingi usiku, amechoka, macho yanaona ukungu, vidonda vinakawia kupona. Mama wengine huona sisimizi wakikusanyika mahali mgonjwa alipokojoa.

Hapa kwetu mtu akikonda hivyo, neno la kwanza linalosemwa ni karuho. Wanasema amelishwa sumu, na mara wanajua hata ni nani aliyemlisha. Wanampeleka kwa mwenye kutapisha watu, na siku zinapita. Ninawaambia kwa upendo: hili limeharibu nyumba nyingi mara mbili, maana mgonjwa amekufa, na jirani asiye na hatia amechukiwa. Kipimo cha sukari ni tone moja la damu la ncha ya kidole. Mtu aliyelala bila kula, damu yake ikionyesha 126 au zaidi, kipimo hurudiwa siku nyingine, na ikiwa hivyo tena ni ugonjwa wa sukari. Mtoto anayekonda, anayekunywa maji sana, na aliyeanza tena kukojoa kitandani, apimwe siku ile ile, usingoje kesho. Akitapika, akivuta pumzi kwa nguvu, na kinywa chake kikinuka kama matunda yaliyoiva sana, mbebe mbio hospitali.

Watoto wa namna hiyo zamani walikufa wote. Mwaka 1921, huko Toronto katika inchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kuitoa insulini katika kongosho la mnyama. Mwezi wa kwanza wa 1922 mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa sindano ya kwanza. Dawa ilikuwa haijasafishwa vizuri, haikumsaidia. Siku 12 baadaye walimpiga nyingine iliyo safi zaidi, sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 tena. Ninalitaja jambo hili kwa ajili ya wazazi wanaoogopa sindano ya kila siku. Sindano hii si dalili ya kwamba mtoto anakufa. Bila hiyo ndipo angekufa.

Sasa nirudi kwa swali la binti. Dawa hufungua lango. Mtu akimeza kidonge kama kile, au akipiga insulini, kisha asile, lango limefunguliwa na makala yote yameingia na kuteketea, wala hakuna mengine yanayokuja. Damu inabaki bila sukari ya kutosha, na ubongo ndio unaoumia kwanza. Hiyo ndiyo sukari ya chini, yaani chini ya 70. Nayo huua kwa saa chache, hali sukari ya juu mara nyingi huharibu mwili kwa miaka. Mimi niliwafundisha watu wale hatari ya pole pole, nikasahau ile ya haraka.

Mjue dalili zake: kutetemeka, jasho baridi, moyo kupiga mbio, njaa ya ghafula, hasira isiyo na sababu, kusema ovyo, kuyumba kama mlevi. Mashemasi, sikieni neno hili: mtu akiyumba mlangoni pa kanisa, msimfukuze kwa sababu ya pombe kabla ya kuuliza kama ana ugonjwa wa sukari.

Akiwa anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji kidogo, au nusu ya chupa ndogo ya Fanta. Ngoja dakika 15. Kama bado anatetemeka, mpe tena vilevile. Akipata nafuu, ale chakula, la sivyo itashuka tena. Kama amezimia, usimmiminie kitu kinywani, kitaingia katika mapafu. Mlaze ubavu na kumpeleka hospitali usiku ule ule, wapate kumtilia sukari katika mshipa. Hata aliyepata nafuu nyumbani, kama alimeza vidonge vya namna hiyo, apelekwe kuangaliwa, maana nguvu ya dawa hudumu saa nyingi.

Basi katika nyumba ya mgonjwa wa sukari, sukari iwemo. Ifungwe katika karatasi, iwekwe mahali pamoja ambapo hata mtoto wa miaka saba anapajua, na mgonjwa awe na nyingine mfukoni au katika kitambaa chake. Ile si ya chai.

Juu ya chakula sitasema mengi, maana wengi wamekwisha kusikia wakaogopa. Mgonjwa hana haja ya chungu chake peke yake. Nusu ya sahani iwe sombe, lengalenga au kabichi, bila mafuta mengi ya mawese. Robo iwe maharagi au sambaza za ziwa letu. Robo iwe bugali. Shida yetu ni kwamba tunakula wengi katika sahani moja, na hakuna anayejua amekula bugali kiasi gani. Mgonjwa apakuliwe yake pembeni, akae nao pamoja akila, asitengwe. Chai anywe bila sukari. Kasiksi na soda aviache, ila soda ile ya dawa niliyoitaja.

Miguu ni jambo la Goma hasa. Sukari ikikaa juu miaka mingi hufisha mishipa ya fahamu, na mguu hausikii tena. Nasi tunaishi juu ya mawe ya volkano, yenye makali kama vipande vya chupa, njiani, uani, hata chini ya kitanda katika nyumba nyingine. Mzee mmoja alikuja kwangu na jiwe ndani ya kiatu. Alikuwa amelitembelea toka nyumbani hadi soko la Virunga na kurudi, na soksi ilikuwa imelowa damu. Hakusikia kitu. Wengine huchomwa na bomba la moshi la moto, wakaliona jeraha jioni. Kwa hiyo viatu vilivyofungwa mbele, hata uani. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Kila jioni mtu wa nyumba aitazame miguu ya mgonjwa, nyayo na katikati ya vidole, kwa taa, maana mzee haoni vizuri na mgongo haumpindi. Apewe kazi hii mjukuu mwenye macho mazuri. Asiyesikia miguu asiioteshe moto wa mbabula. Na kidonda, hata kidogo kama punje ya mchele, kionyeshwe kabla hakijatiwa majani.

Nije kwa kufunga. Ninajua kwamba hapa ninagusa mahali pa uchungu, maana washirika wengine huniambia ninapunguza imani ya watu. Mtu anayepiga insulini au kumeza vidonge vya namna hiyo asifunge chakula kabla ya kusema na munganga wake. Wala asiiache insulini kwa sababu hali chakula. Mtoto au kijana asiyetengeneza insulini kabisa, akiiacha siku mbili tu, yuko katika hatari ya kufa. Wachungaji, mkitangaza siku tatu za kufunga, tangazeni pia ya kuwa wagonjwa wa sukari wataomba pamoja nasi wakiwa wamekula. Semeni ninyi, kwa sauti, mbele ya wote. Mgonjwa akijitenga mwenyewe huona haya, na kwa haya hiyo atafunga kwa siri. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi akasikiwa, hata hivyo Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Kama yuko anayesema, "Umeponywa, tupa dawa," mwambieni aje kwanza apimwe damu ya mgonjwa mbele yake, asubuhi, kwa siku saba.

Neno moja tena, juu ya kukimbia. Volkano Nyiragongo ilipopasuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na siku tano baadaye tukaamriwa kuhama, Murara ilikuwa mojawapo ya kata kumi zilizotajwa. Watu walikwenda Sake, Rwanda, na wengine kwa mashua Bukavu. Walibeba magodoro, wengi wakasahau dawa. Tena mwezi wa kwanza 2025 vita ilipoingia mjini, watu walijifungia ndani siku kadha kwa risasi. Kwa hiyo mgonjwa awe na mfuko mdogo karibu na mlango: dawa za wiki mbili kama anaweza, sindano, karatasi ya munganga yenye jina la dawa na kipimo chake, sukari, biskuti, chupa ya maji, soksi. Dawa asizinunue siku ya mwisho. Chupa ya insulini iliyofunguliwa hukaa mwezi mmoja nje ya friji kama mahali si pa joto. Nasi kwa baridi ya usiku wetu tumependelewa: itie katika chungu kidogo cha udongo, kilichowekwa ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowa, mbali na mbabula na dirisha la jua. Isigande kwa barafu, ikiganda haifai tena. Sindano zilizotumika zitiwe katika bidoni yenye kifuniko, zisitupwe penye watoto.

Mama yule wa kwaya yuko hai. Binti yake ndiye anayefundisha jirani sasa, na mafundisho yake huyaanza na mkebe wa sukari ulio juu ya kabati.

Maswali ya kuulizana nyumbani:

Sukari ya mgonjwa wetu imewekwa wapi, na ni nani asiyepajua?

Usiku wa leo, ni nani atakayetazama miguu yake?

Akizimia saa nane ya usiku, ni jirani gani mwenye moto au gari tutakayemwita, na je, tumekwisha kusema naye?

Mfuko wa kukimbilia una dawa za siku ngapi?